Askari Si Hakimu

Kuna jambo linanikera. Abiria akizozana na wahudumu ndani ya ndege, askari wakaja kumshusha, utawasikia watu wa heshima zao, wenye kusali na kufunga, wakipaza sauti: "Mtieni adabu!" Tangu lini askari akawa hakimu?

Abiria mkorofi simtetei. Mtu anayelewa angani, akatukana wahudumu na kuhatarisha roho za watu, huyo hakufunzwa na mamaye. Mkataba wa Tokyo wa 1963 umempa rubani mkuu mamlaka ya kumfunga, ikibidi kwa ajili ya usalama, na kumkabidhi kwa vyombo vya dola ndege ikitua. Lakini mkataba huohuo unasema asishikiliwe kupita muda unaohitajika kumfungulia mashtaka, tena asaidiwe kuwasiliana na mwakilishi wa nchi yake. Katiba ya Kenya, ibara ya 49, inataka aliyekamatwa aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aonane na wakili, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Kofi limeandikwa wapi?

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Aprili 2017, uwanja wa O'Hare mjini Chicago, daktari wa miaka 69 aliyelipa nauli na kuketi kwenye kiti chake aliburutwa na maofisa wa usalama wa uwanja mpaka akavunjika pua na kung'oka meno mawili. Hakuwa mlevi wala hakumpiga mtu. Alikataa tu kuwapisha wafanyakazi wa shirika la ndege! Nanyi mnaoshangilia, tiketi zenu zina kinga gani?

Halafu hawa wenye simu! Kurekodi dhuluma ili ushahidi upatikane ni jambo jema, na ndivyo dunia ilivyoyajua ya Chicago. Lakini kumrekodi mgonjwa wa akili aliyepagawa kwa hofu, kisha kumsambaza mitandaoni achekwe, ni unyama. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Enyi askari wetu, mnakesha ili sisi tulale, na Mungu awalipe. Ila cheo ni dhamana. Mshusheni mkorofi, mtieni pingu akipigana, mfikisheni kwa hakimu. Kazi yenu inaishia hapo.