Kiini cha Atomu si Lundo la Gololi

Vitabu vyetu vya sekondari aghlabu huchora kiini cha atomu kama lundo la gololi zilizoshikamana, zimetulia tuli. Nami naona kwamba mchoro huo, pamoja na wepesi wake, wamficha mwanafunzi jambo la ajabu kuliko yote katika taaluma hii, nalo ni kwamba protoni na nyutroni, maadamu zimebanwa mahali pafinyu mno, hazina budi kwenda mbio, hata baadhi yazo zikakaribia robo ya kasi ya nuru.

Kwa kuwa kiini hakionekani kwa darubini, hakuna njia ghairi ya kukigonga na kuchunguza vinavyotawanyika, kama walivyofanya Rutherford na wenzake kule Manchester. Njia hiyo ina ila yake: protoni iliyogongwa yaweza kupambana na jirani zake kabla haijatoka, na habari inazotuletea zikawa zimekwisha kuchafuka.

Ndiyo sababu nalistahi sana jaribio la Dubna, nchini Urusi, lililotangazwa mwaka 2021, ambamo wataalamu waliipindua desturi: badala ya kukipiga kiini kilichotulia, walikirusha kiini chenyewe cha kaboni, kwa takriban asilimia 97 ya kasi ya nuru, kikazigonge protoni za haidrojeni ya kimiminika, kisha wakayateua matukio yale tu ambamo, protoni moja ikisha kung'oka, salio lilitoka zima, yaani boroni yenye chembe 11, kwani salio lisilovunjika ni dalili kwamba hapakuwa na mapambano mengine njiani, na mwendo wake, ukipimwa kwa kulinganishwa na ule wa kaboni, wadhihirisha jinsi protoni ilivyokuwa ikienda kabla ya kupigwa. Ustadi huo, kwa rai yangu, wapita ukubwa wa mashine yenyewe.

Hapo kabla, mwaka 2008, watafiti wa Virginia, Marekani, walikuwa wamebainisha kwamba chembe za kaboni si pweke zote, bali kadiri ya moja katika tano huwa zimekaribiana mbili mbili na kukimbia kuliko nyingine. Na jozi za protoni na nyutroni hushinda za protoni mbili kwa karibu mara 20.

Atakayedai kwamba haya yawazidi vijana kimo, namkumbusha kanuni ya Heisenberg ya mwaka 1927: mwalimu mwenye chaki aweza kwa hesabu ya mistari michache kuwaonyesha kwa nini kilichobanwa hakitulii.