Mchezaji Hodari Asiyetulia: Abaki au Aende?



Jioni moja, baada ya sala ya Alasiri, nilikuwa nimeketi barazani katika mtaa mmoja wa Kariakoo, kikombe cha kahawa mkononi, wakanijia vijana watatu wa timu ya mtaa ule. Waliniamkia kwa adabu, wakaketi, na nahodha wao akanieleza shauri lililowagawa. Wanaye mwenzao aliye fundi wa mpira. Wakifunga mabao kumi, sita ni yake. Lakini mazoezini haonekani, kocha akimwambia neno humjibu mbele za watu, na sasa imesikika kwamba atahamia timu ya mtaa wa pili kabla mashindano yao ya ndondo hayajakwisha, kwa kuwa huko ameahidiwa viatu vipya. Wawili kati yao walitaka afukuzwe usiku ule ule. Nahodha alitaka abaki hata kwa kubembelezwa. "Bila yeye, mzee wangu," alisema, "tutafungwa hata na watoto wa chuoni."

Nilicheka, kisha nikawaambia kwamba shauri hili si geni. Mitaa yetu hii imekwisha kulilia na kulichekea mara nyingi, na wakubwa wenye fedha na mawakili limewashinda kabla ya wao.

Msomaji wa Dar es Salaam hana haja ya kuambiwa habari za majumba mawili. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na nyumba yake iko penye mitaa ya Twiga na Jangwani. Simba ilianzishwa mwaka 1936, na nyumba yake iko mtaa wa Msimbazi. Mtu aweza kutoka moja akafika ya pili kahawa yake haijapoa. Kwa sababu hiyo habari ya mchezaji mmoja haikai klabuni. Huingia majumbani, ikakaa baina ya baba aliye wa huku na mwanawe aliye wa kule, na chakula cha usiku kikaliwa kwa maneno.

Chukueni habari ya Bernard Morrison, kijana wa Ghana aliyekuja Yanga Januari 2020. Tarehe 8 Machi mwaka ule aliifunga Simba bao pekee la mchezo, na usiku ule Jangwani hakulala mtu. Haikupita miezi mitano, katika nusu fainali ya kombe ambayo Simba ilishinda kwa mabao manne kwa moja, alitolewa kumpisha mwenziwe, naye hakwenda kukaa benchi, bali alitoka akaenda zake nje ya uwanja. Mwezi Agosti alikuwa keshavaa nyekundu za Msimbazi. Kamati ya shirikisho la mpira ilikuwa imeona kasoro katika mkataba wake na Yanga. Yanga walilipeleka shauri hata Uswisi, kwenye mahakama ya michezo, na Novemba 2021 hukumu ikatoka kwa upande wa mchezaji. Basi mwaka 2022 Yanga walimchukua tena mtu yule yule! Mimi sina la kuongeza hapo, ila kwamba mapenzi ya mpira hayana kumbukumbu.

Lakini habari niliyotaka vijana wale waizingatie khasa ni ya Feisal Salum, anayeitwa Fei Toto, kwa kuwa huyu ni mtoto wetu, Mzanzibari, kiungo aliyejiunga na Yanga mwaka 2018 akiwa kijana mdogo, akapendwa na wazee na watoto. Desemba 2022, katikati ya msimu, aliaga. Kabla ya kuaga aliweka katika akaunti ya klabu shilingi 112,000,000: milioni mia moja za kujinunua, na milioni kumi na mbili za mishahara ya miezi mitatu. Kwa hesabu yake deni lilikuwa limekwisha. Kwa hesabu ya klabu hapakuwa na lililokwisha. Fedha walizirejesha, wakashitaki, na Januari 2023 kamati ya shirikisho ikahukumu kwamba yeye ni mchezaji wa Yanga hata mwisho wa Mei 2024, kama ulivyosema mkataba wake. Aliomba hukumu itazamwe upya, hakufanikiwa.

Nalipoyasoma hayo magazetini, mimi ambaye sina ujuzi wa sheria za mpira nilikumbuka mlango mmoja wa fiqhi, nao ni khului. Mwanamke aliyechoka na ndoa aweza kurejesha mahari ili apate kujitoa, na mlango huo sheria yetu imeufungua kwa rehema. Lakini hauingiliwi kwa kuyaweka mahari kizingitini usiku na kukimbia. Mume huambiwa, wakakubaliana. Na wasipokubaliana, shauri huenda kwa kadhi. Najua mpira si ndoa, na mtaniwia radhi kwa mfano huu. Hata hivyo kosa la kijana, kwa maoni yangu, lilikuwa hapo: fedha ilitangulia, maneno yakafuata. Sura ya Maida hufungua kwa kuwaagiza waumini watimize mikataba yao, na agizo hilo halikubagua mikataba ya biashara na ya kandanda. Aliyetia sahihi yake ametia neno lake.

Na klabu je? Hapa baadhi ya wasomaji wa Jangwani watanikasirikia. Haki ya karatasi ilikuwa yao, sikatai. Lakini ilisemwa wazi wakati ule kwamba mshahara wa kijana ulikuwa shilingi milioni nne kwa mwezi, hali wageni waliokuwa wakicheza naye walisemekana kupata zaidi sana, na yeye ndiye aliyekuwa mmoja wa nguzo za timu. Mwenye duka wa Kariakoo mwenye akili, akiona kijana aliyemwajiri kufagia sasa ndiye anayeleta wateja, hangoji mpaka kijana afunge virago. Humwita mapema, akamwongezea. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufunza kumlipa mfanyakazi ujira wake upesi, hata jasho halijamkauka. Na asiyechelewesha ujira bali akaupunja, ninaogopa hayuko mbali sana na aliyeuchelewesha.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonihuzunisha. Mama yake mzazi alisema hadharani kwamba mwanawe alifika hata kula ugali kwa sukari, na neno lile la mama mwenye uchungu likageuzwa wimbo wa kejeli mitaani. Nalilisikia kwa masikio yangu kutoka kwa watoto waliokuwa wakirudi chuoni, misahafu kifuani. Wazazi wao ndio waliowafunza, kwani mtoto hazui kejeli ya namna ile peke yake. Mtu akiuchukia mguu wa mchezaji, mama yake amemkosea nini?

Sasa tutazame nani alifaidika. Toka Desemba mpaka Mei kijana hakuichezea Yanga. Je, Yanga ilianguka? Haikuanguka. Ilitwaa ubingwa wa 2022/23, tena ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa nyumbani 2–1 na USM Alger, ikaenda Algeria ikashinda 1–0, ikalikosa kombe kwa hesabu ya mabao ya ugenini tu. Nahodha wetu wa mtaani alinyamaza kidogo niliposema hayo. Na kijana naye alipoteza karibu miezi sita ya umri wa mpira, umri ambao kila mtu ajua kuwa ni mfupi kuliko wa fundi cherehani au mvuvi.

Tarehe 5 Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliwakaribisha Yanga Ikulu kuwapongeza, akawaomba viongozi walimalize jambo la Fei Toto. Siku tatu hazikupita. Ikatangazwa kwamba amekwenda Azam, wa Chamazi, kwa makubaliano ya klabu mbili. Msimu uliofuata alifunga mabao 19 ya ligi, mawili nyuma ya Aziz Ki wa Yanga, na Azam wakamaliza wa pili. Yanga wakawa mabingwa tena. Hivyo jambo lililoshindikana miezi mitano kwa barua na kamati lilikwisha wiki moja watu walipoketi. Mimi nasema lingaliweza kwisha Desemba.

Basi niliwaambia vijana wale: msimfukuze usiku, wala msimbembeleze. Mwiteni mchana, kocha akiwapo, mwulizeni lililo moyoni. Mashindano haya alikubali kuyacheza, na ayamalize. Yakiisha, akitaka kwenda, mpeni mkono na mtu asimzomee. Na asipokuja mazoezini asianze mchezo, hata ikiwa ni fainali, kwani wale wanaokuja kila siku nao wana haki, na aghlabu hao hatuwasikii kwa kuwa hawagombi.

Walikwenda nyumbani kwake Jumamosi. Waliporudi nahodha alikuwa amebadilika uso. Kijana yule, alisema, huamka saa tisa za usiku kubeba magunia sokoni, ndipo mazoezi ya asubuhi humshinda. Nao walikuwa wakicheza naye mwaka wa pili bila ya mmoja wao kumwuliza afanya kazi gani. Mazoezi yamehamishiwa jioni. Majibu yake kwa kocha hayo hayana udhuru, na ameagizwa kumwomba radhi mbele ya wenzake, pale pale alipomvunjia heshima.

Jumapili nalikwenda kuwatazama. Kijana alichelewa tena, dakika chache tu, na nahodha akamweka nje kipindi cha kwanza. Walifungwa moja. Kipindi cha pili aliingia, akasawazisha, na walipotoka nilimwona kocha akimpa maji, hawakusemezana.