Pale Katikati ya Safari: Je, Yafaa Kumlipa Mtu wa Kutuongoza?



Miezi michache iliyopita, mama mmoja mjane wa mtaa wetu hapa Lubumbashi alinijia jioni akiwa na bahasha mkononi. Binti yake aliye Ubelgiji alikuwa amemnunulia tiketi aende kumwona mjukuu aliyezaliwa. Viza ilikwisha kutoka, valizi ilikwisha kufungwa. Hata hivyo mama hakuwa na furaha. «Baba,» aliniambia, «ndege ya kwanza siiogopi, kwa kuwa watoto watanisindikiza mpaka Luano. Ndege ya pili nayo siiogopi, kwa kuwa binti yangu atanipokea. Ninachoogopa ni pale katikati.»

Pale katikati palikuwa Addis Ababa. Huko alipaswa kushuka, kungoja kwa muda wa saa nne, kisha kupanda ndege nyingine ya kwenda Brussels. Mama huyu ana miaka 71. Anasema Kiswahili na Kibemba, Kifaransa chake ni kidogo, na Kiingereza hana kabisa.

Alikuwa amepewa mashauri mawili. Mpwa wake alimwambia alipe huduma ya kusindikizwa, yaani mtu amngoje mlangoni pa ndege akiwa na kibao chenye jina lake na kumfikisha kwenye ndege ya pili. Bei yake ilipita dola mia moja. Jirani naye alimwambia: «Usipoteze pesa. Waambie huwezi kutembea, watakusukuma katika kiti cha magurudumu bure.» Mama huyu huenda sokoni kwa miguu kila asubuhi na kurudi na beseni kichwani. Akaniuliza: «Pesa sina, na uwongo siutaki. Nifanye nini?»

Swali lake si la mtu mmoja. Katika familia zetu nyingi sasa yupo mzazi anayeitwa na watoto walio ng'ambo, au mgonjwa anayepelekwa India kutibiwa, au kijana anayekwenda kusoma. Karibu wote hawa hubadili ndege njiani. Kwa hiyo nataka kusema wazi maoni yangu: walio wengi hawahitaji kumlipa mtu wa kuwaongoza. Wanachohitaji ni kuandaliwa nyumbani kabla ya kuondoka, na kuomba kwa ukweli msaada ambao tayari upo bila malipo.

Kwanza tujiulize woga huu umetoka wapi. Sehemu yake tumejifunzia hapa kwetu. Anayesafiri kupitia viwanja vyetu vikubwa anawafahamu watu wa «protokole»: wale wanaochukua pasipoti yako, wanaopita mbele ya foleni, wanaozungumza na maofisa kwa niaba yako, kisha wanalipwa. Tumezoea hata kuamini kwamba mtu asiye na protokole hapiti. Basi tunapofikiria kiwanja cha ugenini, chenye milango mingi kuliko chetu, twadhani kwamba huko protokole atakuwa wa lazima zaidi. Mambo huwa kinyume. Kiwanja kikubwa cha kubadilishia ndege kimejengwa kwa ajili ya mtu asiyekijua. Alama zinafuatana tangu mlango wa ndege hadi mlango unaofuata, na namba za milango zimeandikwa juu kwa herufi kubwa. Wengi wa wanaotembea humo hawajawahi kufika hapo, wala hawajui lugha ya nchi.

Pili, tutazame kazi ya yule anayelipwa. Anaweza kukuonyesha njia, kukusomea skrini na kukuketisha mahali panapofaa. Hayo ni mema, lakini ndiyo mepesi kuliko yote. Mambo yanayowakwamisha wasafiri wetu kweli kweli ni mengine, na mwongozaji hawezi kuyatatua hata umlipe maradufu.

La kwanza ni viza ya kupita. Wakongo ni miongoni mwa raia wa nchi 12 ambao sheria ya viza ya Ulaya ya mwaka 2009 inawataka wawe na viza hata kwa kubadili ndege tu katika viwanja vya nchi za Schengen, isipokuwa wale wenye viza au vibali fulani vilivyotajwa katika sheria hiyo. Marekani nayo humtaka kila anayepita awe na ruhusa ya kuingia nchini, ajapokuwa anakwenda Kanada. Asiye na karatasi hizo hatafika hata pale katikati, kwa maana atazuiwa hapa hapa tunapoanzia.

La pili ni tiketi zilizonunuliwa mbalimbali kwa kutafuta bei ndogo. Tiketi ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa, kampuni ina wajibu wa kukutafutia ndege nyingine. Tiketi zikiwa mbili zisizohusiana, kampuni ya pili haikudai wala haikungoji, na huenda ukalazimika kutoka nje, kuchukua mizigo na kuanza upya.

La tatu ni muda mfupi mno. Dakika hamsini kati ya ndege mbili zaweza kumtosha kijana mwenye begi la mgongoni. Mzee zisimtoshe. Anayempenda mzazi wake amnunulie tiketi yenye saa tatu au nne za kungoja, hata kama inazidi bei kidogo. Fedha hiyo itamsaidia kuliko ile ya kumlipa mwongozaji wa kukimbia naye.

Najua jibu nitakalopewa. Mtu atasema: «Wewe unasoma Kifaransa, unajua kutazama saa za tiketi, ndiyo maana unayaona mepesi. Mama asiyesoma afanye nini?» Neno hilo ni la haki, wala silipuuzi. Kwa mtu asiyesoma, kiwanja chenye mamia ya watu wanaopita haraka ni kama msitu. Aibu ya kupotea mbele ya watu humwumiza mzee kuliko uchovu wa njia. Lakini hapo ndipo lilipo jambo ambalo wengi hawajaambiwa: msaada kwa mtu kama huyo upo, na mara nyingi haulipiwi.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni namba 1107 ya mwaka 2006 inaamuru kwamba mtu ambaye kutembea kwake kumepungua kwa sababu ya ulemavu au umri asaidiwe kiwanjani bila kutozwa kitu. Inatakiwa tu kampuni iarifiwe angalau saa 48 kabla ya safari. Nje ya Ulaya pia, makampuni makubwa ya ndege hutoa kiti cha magurudumu kwa aliye na haja nacho. Tena, katika maandishi ya makampuni ya ndege kuna alama kadha wa kadha za kumtambulisha msafiri anayehitaji kusaidiwa. Mojawapo ni MAAS, ya mtu anayehitaji kupokewa na kuongozwa ingawa anatembea vema, kama vile mzee anayesafiri peke yake au asiyejua lugha. Si kila kampuni inaitoa kwa namna moja, na nyingine huitoza. Lakini yafaa kuuliza kabla ya kutoa pesa mahali pengine.

Hapa narudi kwenye shauri la yule jirani. Wako wengi wanaowaandikisha wazazi wenye miguu mizima kuwa hawawezi kutembea. Hawana nia mbaya, ila hawajui njia nyingine. Hata hivyo tulitazame vizuri jambo hilo. Viti vina hesabu, na wanaovisukuma wana hesabu. Ndege iwe na waombaji wengi, yule ambaye kweli hawezi kusimama ataachwa akingoja ndani ya ndege tupu, hali saa yake ya kuunganisha safari inapita. Tena tunamfundisha mzazi aliyeishi kwa unyofu miaka sabini kuigiza ulemavu mbele ya wageni. Haifai, wala haina ulazima, maana kusema «mimi ni mzee, niko peke yangu, sijui lugha» ni sababu ya kutosha.

Sisemi kwamba kulipa ni kosa siku zote. Mtoto mdogo anayesafiri peke yake lazima akabidhiwe kwa kampuni ya ndege, na makampuni mengi hutoza kwa kazi hiyo. Ni fedha ya haki. Mgonjwa aliyedhoofika sana anahitaji ndugu wa kumsindikiza, au muuguzi. Hata mtu mwenye uwezo akitaka kumtuliza mama yake kwa huduma iliyolipiwa, simlaumu. Ninalopinga ni kuwatia hofu maskini mpaka wakope dola mia kwa ajili ya njia ya dakika ishirini. Tena wajihadhari: huduma ya halali huagizwa kabla ya safari, na anayeitoa huvaa sare na kitambulisho. Anayekujia tu akiomba ashike pasipoti yako, usimpe.

Basi yule mama tulimwandaa. Tulikwenda naye kwenye ofisi iliyouza tiketi, tukaomba iandikwe kwamba anahitaji kuongozwa kwa sababu ya umri na lugha. Tuliuliza kama mizigo itafika moja kwa moja Brussels, na kama atapewa Luano karatasi zote mbili za kupandia ndege. Tulimweleza kwamba tiketi huandika saa ya mahali, na kwamba Addis Ababa iko mbele ya Lubumbashi kwa saa moja. Tulimwonya kwamba atakaguliwa tena njiani, kwa hiyo chupa ya mafuta ya mawese isikae katika mfuko wa mkononi. Mjukuu wake alimwandikia kadi kwa Kiingereza na Kifaransa: jina lake, namba ya ndege, mahali aendapo, simu ya binti yake, na neno moja tu: «Tafadhali nionyeshe mlango wangu.» Kisha kwa jioni mbili alimfundisha kulinganisha namba iliyo kwenye karatasi na namba iliyo ukutani. Kusoma si lazima kwa hilo. Mtu anayehesabu pesa sokoni anazijua tarakimu.

Alipofika Brussels alinitumia sauti yake kwa simu. Msichana wa kiwanja alimpokea Addis Ababa, akamwonyesha mahali pa kuketi, akaenda zake kuwasaidia wengine. Saa ya kupanda ilipokaribia na msichana hajarudi, mama hakungoja. Alitoa kadi, akamwonyesha mwanamume mmoja aliyeketi karibu, wakaenda pamoja. «Baba,» alisema, «namba ya mlango niliiona mimi mwenyewe kabla yake.»

Nimeisikiliza sauti hiyo mara kadhaa. Katika kila mtaa wetu wapo waliokwisha kupita njia hizi: wanafunzi waliorudi, wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na Guangzhou, wagonjwa waliopona. Kila mmoja wao angempa mzee anayejiandaa jioni moja tu ya kumweleza, wachache sana wangebaki na haja ya kununua mwongozaji. Ukisikia kwamba jirani yako amepata viza, usimpongeze tu. Mwulize anabadilia ndege wapi, kisha uketi naye.