Toba ya Jumapili na debe la Jumatatu

Alizeti ikishavunwa hapa Busi, wilayani Kondoa, makanisa hujaa. Sadaka ya mavuno inakuja kwa magunia, kwa vikapu, kwa kuku waliofungwa miguu. Ibada ikiisha tunainadi uwanjani, na watu wakishachangamka, jogoo mmoja huuzwa mara nne kwa sababu kila anayemnunua anamrudisha anadiwe tena. Naipenda sana siku hiyo. Ila mimi ni mweka hazina wa kikundi cha hisa cha akina mama, na kazi hiyo imenizoesha kuuliza fedha imetoka wapi.

Sehemu yake imetoka kwenye debe. Wachuuzi wanaopita nyumba kwa nyumba huja na debe lao wenyewe, limegongwa kitako mpaka kimetuna kwa nje. Likishajaa wanakuomba uongeze kilemba juu yake. Anayeuza gunia naye anabanwa ashone lumbesa, ingawa Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Mkulima anakubali kwa sababu ada ya mtoto haisubiri bei nzuri. Na mchuuzi huyo si lazima awe mgeni kutoka mjini. Mara nyingi ni mwenzetu, anaimba besi kwenye kwaya, na sauti anayo.

Tukihubiri tabia njema tunahubiri pombe, uzinzi na urefu wa sketi. Binti akipata mimba nyumbani kwao, tunamtenga na meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya watu wote. Mwenye debe anakaa benchi la mbele na hakuna anayemuuliza. Hili linaniudhi, tena linaniudhi zaidi kwa kuwa kanisa letu la Anglikana la nyanda hizi lililelewa kwa desturi nyingine kabisa.

Wazee wetu waliufahamu ule uamsho uliotoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukavuka kuja Tanganyika ukafika mpaka Dodoma. Kuimba na kulia vilikuwepo, lakini kilichowashangaza majirani ni kurudisha. Mtu aliyeokoka alibeba jembe aliloiba akampelekea mwenyewe. Mwingine alikwenda kwa mwajiri wake na fedha mkononi, akaeleza aliipataje. Festo Kivengere, aliyekuja Dodoma kufundisha mwaka 1946 na baadaye akawa askofu kwao Uganda, alisimulia kwamba baada ya kuokoka alipanda baiskeli safari ndefu ili akamwombe radhi Mzungu ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimchukia. Angeweza kutubu chumbani kwake, akajiokolea jasho. Mwaka 1977, akiwa uhamishoni, aliandika kitabu kueleza kwa nini anampenda Idi Amin, ambaye utawala wake ulikuwa umemuua askofu mkuu wake, Janani Luwum. Naamini jambo kubwa namna ile haliwezwi na mtu asiyeanza na lile dogo la baiskeli.

Sisemi walokole walikuwa malaika. Toba zao za hadharani wakati mwingine ziligeuka umbeya mtakatifu, wengine wakazisimulia dhambi zao kwa madaha kama mwindaji anayesimulia simba. Hilo tuliache lilale. Turudishe kurudisha.

Niliposema hivi kwenye kikao, kijana mmoja aliyesoma chuo cha Biblia alinikumbusha kwamba hatuokolewi kwa matendo. Mwanangu, wokovu ni bure, nakubali. Alizeti ya jirani haikuwa bure. Zakayo hakuambiwa alipe ndipo Bwana aingie kwake. Bwana aliingia kwanza, na mwenye nyumba akaanza mwenyewe kuhesabu aliowadhulumu, akaahidi kuwalipa mara nne. Imani iliyoingia ndani ya nyumba ilifika mpaka kwenye daftari la ushuru. Yetu inaishia sebuleni.

Kwa Kondoa, jambo hili lina uzito wake. Wakristo huku tu wachache. Majirani wetu wengi ni Waislamu, na Warangi wengi wana dini zote mbili ndani ya ukoo mmoja, wanazikana na kuozana. Jirani hasikii mahubiri yangu. Anachokiona ni kipimo changu. Mwenzangu mmoja, mume wake anafundisha madrasa, aliniambia tukipepeta mahindi, "Dada, sisi tuna sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Ninyi mna nini?" Nikamtajia Mambo ya Walawi, nikamtajia Mithali. Akacheka: "Kumbe wote tumeshaambiwa!"

Wazee huku wana mfano wao wa uaminifu, wa ng'ombe. Mwaka 1979 serikali, kupitia mradi wa hifadhi ya ardhi ulioitwa HADO, iliondoa mifugo kwenye maeneo ya Kondoa yaliyoliwa na makorongo. Wenye ng'ombe wakauza, au wakawapeleka kwa ndugu na marafiki nje ya eneo, bila karatasi wala shahidi. Kwa hesabu ya namna hiyo, ng'ombe akizaa unaweza kumwambia mwenyewe kwamba ndama alikufa, naye hana la kukujibu. Wazee hawamtaji mwaminifu kwa dhehebu lake. Wanasema, yule alileta mpaka ndama.

Mtu hawi mwema kwa kuombewa mara moja. Ukimrudishia mama mjane madebe yake mawili mchana, watoto wake wakikuangalia, aibu ile inakufundisha kitu ambacho semina ya siku tatu haiwezi. Msimu unaofuata utalitazama debe lako kabla hujatoka nyumbani.

Nimeliomba baraza la kanisa mambo mawili. Kwanza, vijana wa darasa la kipaimara, wanaokariri Amri Kumi vizuri kuliko mimi, kabla ya kuwekewa mikono waulizwe kama kuna kitu cha mtu mikononi mwao, na wapewe muda wa kukirudisha. Pili, tununue mzani uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo, ukae uwanja wa kanisa msimu mzima, apime yeyote, Mkristo au Mwislamu, bila kulipa. La kwanza lilipita bila ubishi, pengine kwa kuwa linawahusu watoto. La pili limekwama. Mzee mmoja anauliza nani ataulinda mzani usiku, mwingine anasema tutawafukuza wanunuzi waende vijiji vya jirani. La mlinzi nimeshalijibu: utalala kwangu. La wanunuzi lina ukweli, na ndiyo maana nataka tuiandikie barua misikiti na makanisa ya vijiji hivyo kabla alizeti haijakauka.