Pesa ya kuegesha pikipiki ufukoni Kalemie, nani anailipa?

Motari wa hapa Kalemie wanalalamikia pesa wanayotozwa kwa kuegesha kando ya Ziwa Tanganyika, na mimi nawaunga mkono. Wengi wanadhani hii ni shida ya wenye magari wanaokuja kuogelea Jumapili. Hapana. Mwenye gari analipa mara moja, anaenda zake majini. Motari anayebeba mama muuza ndagala analipa kila anaposimama, kisha anaongeza bei ya safari. Mama naye anapunguza kipimo. Anayebaki na sahani nusu ni sisi wakaaji, pamoja na ndugu zetu wahami ambao hawana hata baiskeli.

Ni kweli, maji ya ziwa yalipanda mwaka 2021 na tena 2024, yakameza sehemu za ufuko na nyumba za watu. Nafasi ilipungua. Lakini je, hiyo ni ruhusa ya kutoza bila kitansi?

Wakuu wa mji waweke kibao chenye bei pale pale ufukoni. Na anayeshusha mzigo wa soko kwa dakika chache asilipishwe kitu. Motari, kabla ya kutoa franka, ombeni kitansi chenye muhuri.