Kilimia cha Ayubu na Nyota za Babeli



Wapendwa waamini, katika mwaka wa pili wa masomo ya siku za juma, Jumatano ya juma la 26 la Mwaka, husomwa sehemu ya sura ya 9 ya Kitabu cha Ayubu. Msomaji hupita upesi katika aya ya 9, nasi tulioketi hatushtuki. Wametajwa humo Dubu, Orioni na Kilimia. Muumini mmoja ametuuliza swali lililotupendeza: je, Waisraeli walizijuaje nyota hizi? Na ikiwa walijifunza kwa wapagani, je, Neno la Mungu halikutiwa doa?

Tuanze na majina yenyewe. Kwa Kiebrania ni Ash, Kesili na Kima. Kima ndicho kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana, ambacho wahenga wetu walikiita Kilimia, jina litokanalo na kulima. Kwani huzama magharibi mwezi wa Mei, masika ikiwa bado haijakatika, na kuzuka tena mashariki alfajiri mwezi wa Juni. Mfasiri wa Kiswahili hakwenda mbali, alichukua jina la shambani. Tunathubutu kusema kwamba hapo alimpita Mtakatifu Yeronimo (atusamehe), ambaye neno hilo moja la Kima alilifasiri kwa namna tatu katika Vulgata: Hyades katika Ayubu 9, Pleiades katika Ayubu 38, na Arcturus katika Amosi 5.

Kesili, yaani Orioni, ni jina la ajabu zaidi. Katika Kitabu cha Mithali neno hilohilo lina maana ya mpumbavu. Sasa tazameni majirani. Watu wa Mesopotamia waliziita nyota hizo Mchungaji wa Kweli wa Anu, naye Anu kwao alikuwa mungu wa mbingu. Mataifa mawili, anga moja: hawa waliona mtumishi mwaminifu wa mungu wao, na Mwebrania akaona mpumbavu aliyefungwa kamba, ambazo Mungu anamwuliza Ayubu katika sura ya 38 kama aweza kuzilegeza. Wapo wataalamu wasemao kwamba jina hilo ni dhihaka ya makusudi, nasi twaelekea kukubaliana nao.

Haitupasi hata hivyo kuwadharau Wababeli. Wao ndio waliokuwa walimu wa elimu ya nyota katika ulimwengu ule. Bamba zao za udongo ziitwazo MUL.APIN, ambazo nakala yake ya kale zaidi yenye tarehe ni ya mwaka 687 K.K., zimeorodhesha makundi ya nyota yaliyo katika njia ya mwezi, na la kwanza katika orodha hiyo ni hilohilo tuliitalo Kilimia. Lakini Amosi alikitaja Kima katika karne ya 8 K.K., Yerusalemu ikiwa bado haijaanguka wala watu wake hawajapelekwa uhamishoni Babeli. Naye alikuwa mfugaji wa Tekoa na mtunza mikuyu. Mtu alalaye nje na kundi lake hahitaji bamba la udongo ili ajue Kilimia kimezuka. Majina Kima na Kesili ni ya Kiebrania, ni ya nyumbani.

Neno la ugenini ni jingine: mazalothi. Asili yake ni Kiakadi, lugha ya Ashuru na Babeli, lenye maana ya kituo, mahali pa nyota kusimama. Laonekana katika 2 Wafalme 23:5, pale Mfalme Yosia, yapata mwaka 622 K.K., alipowaondoa makuhani waliofukizia uvumba Baali, jua, mwezi, mazalothi na jeshi lote la mbinguni. Yuda ilikuwa imekaa chini ya kivuli cha Ashuru kwa takriban karne moja. Neno lilikuja pamoja na uvumba wake.

Je, Maandiko yalilifuta neno hilo? La! Katika Ayubu 38:32 tunakuta mazarothi, ambayo wengi huiona kuwa ni neno lilelile kwa matamshi mengine. Hata wafasiri wa Kigiriki wa ile tafsiri ya Sabini waliliandika kwa namna moja katika vitabu vyote viwili. Ila huko kwa Ayubu mazarothi hayapewi uvumba. Mungu anamwuliza Ayubu kama yeye aweza kuyatoa nje kwa majira yake, kama mchungaji atoavyo kondoo zizini. Wala jua na mwezi hayakuachwa: Mwanzo sura ya 1 haiyataji hata kwa majina, yaitwa mianga tu, mkubwa na mdogo, kwa sababu majina yale yalikuwa ya miungu katika midomo ya majirani. Hili ndilo jibu letu kwa aliyeuliza. Waisraeli walikopa neno, uvumba wakaukataa.

Hatuna budi kukiri kwamba mpaka huo haukushikwa daima kwa ukali uleule. Katika sinagogi la Beth Alpha, lililochimbuliwa mwaka 1929, sakafu ya karne ya 6 B.K. ina mzunguko wa nyota 12 pamoja na majina yake kwa Kiebrania. Hata pongezi ya Wayahudi, mazal tov, imebeba neno lile la Kiakadi.

Na sisi je? Zile nyota 12 zenye sehemu zilizo sawa, ambazo Wababeli walizipanga yapata karne ya 5 K.K., zingali zikichapishwa magazetini mwetu: Mapacha, Kaa, Simba, Mashuke na wenzao. Mtu akisoma ni burudani, atasema. Lakini wapo waamini waliokwisha kulipa fedha ya ada ya mtoto kwa mganga awasafishie nyota, au awarudishie nyota waliyoambiwa imeibiwa na jirani. Na jirani huyo huketi nao benchi moja kanisani, wala hawasalimiani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, imelikataza jambo hili waziwazi. Ayubu naye alipoteza mali, watoto na afya, na hakuna mahali katika sura 42 za kitabu chake anapodai kwamba nyota yake imechukuliwa.

Aliyenaswa katika jambo hili, au aliyemtuhumu jirani kwa sababu yake, asione haya. Jumamosi jioni tunakuwa kwenye kiti cha maungamo.