Vitabu vya Habari: Tuvipime kwa Mizani Yetu

Wanaochagua vitabu vya vijana wetu wanaosomea uandishi wa habari wamebeba dhamana kubwa. Fedha ni chache, na vitabu vinavyohusu vyombo vya habari na jamii ni vingi. Aghalabu huchaguliwa kile kilicho kinene na chenye sifa ughaibuni. Sisi tunasema kipimo hicho hakitoshi.

Kitabu walichokihariri James Curran na Michael Gurevitch mwaka 1991 ni hazina ya nadharia, lakini kimejengwa zaidi juu ya hali za Ulaya na Marekani. Kijana wa Mpendae atakayekisoma hicho peke yake hatajua kuwa Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, wala kwa nini Zanzibar ilipata televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara iliingoja televisheni hadi 1994. Historia ya namna hiyo ataipata kwa Martin Sturmer, aliyeandika juu ya vyombo vya habari vya Tanzania mwaka 1998. Na Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya sinema, amewapa nafasi watazamaji wenyewe, wakiwemo wa hapa Unguja.

Hatusemi nadharia za wageni zitupwe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ripoti ya mwaka 1980 ya tume ya UNESCO iliyoongozwa na Sean MacBride ilionya kuwa habari hutiririka zaidi kutoka nchi tajiri kwenda nchi maskini. Leo, habari zinapoingia majumbani kwa simu za mkononi, onyo hilo halijachakaa. Kwa hiyo kijana na aanze na kitabu kinachomjua, kisha kile cha nadharia akisome kwa kukipima na hali yake.

Fauka ya hayo, vitabu vyote tulivyovitaja viliandikwa kwa Kiingereza. Sheha na mzazi, ambao habari hizo zinawahusu, mlango umefungwa mbele yao. Hata ofisa anayetayarisha sheria ya habari atashauriana vipi na wananchi juu ya jambo wasilopewa lugha ya kulijadili?

Tunatoa wito kwa wahusika: fungu la kununua vitabu liambatane na fungu la kuvitafsiri, na wahadhiri wetu wahimizwe kuandika kwa Kiswahili. Tusipojieleza wenyewe, tutaendelea kuelezwa na wengine.